Buti la Barafu Halitoi Joto

Katika kijiji cha Mkwaja, ufukoni mwa Bahari ya Hindi kusini ya mji wa Pangani, barafu hujulikana zaidi kama kitu cha kuhifadhia samaki. Huletwa ikiwa mabonge, huvunjwavunjwa, humwagwa juu ya samaki ndani ya sanduku, na muda si mrefu huanza kuchuruzika maji. Hakuna anayehitaji kiatu kwa ajili yake. Viatu vya pwani vilibuniwa kwa madhumuni mengine: makubadhi, ndara na mitalawanda huukinga wayo na mchanga uliochomwa na jua, miiba na kombe, huku sehemu ya juu ya mguu ikiachwa wazi ipate upepo.

Lakini katika nchi hiyohiyo umo mlima wenye barafu isiyoyeyuka jioni. Kila mwaka vijana kutoka sehemu za joto hupanda Kilimanjaro, wengine kama wanafunzi, wengine kama viongozi wa misafara na wapagazi. Wengi wao hukutana na buti la mlimani kwa mara ya kwanza siku chache tu kabla ya safari. Aliyezoea kiatu cha kupunguza joto hudhani kwamba buti la barafu ni kitu cha kuleta joto, na kwamba likiwa zito na kubana ndivyo litakavyofaa zaidi. Dhana hiyo ni potofu, na gharama yake yaweza kuwa vidole vya miguu.

Kutoka ufukoni hadi kileleni

Yafaa kwanza kupima ukubwa wa tofauti iliyopo. Mkwaja iko usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, kiko mita 5,895. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ikiwa Mkwaja kuna nyuzi 27, hesabu rahisi itaonyesha kwamba kileleni joto litapungua kwa nyuzi 35 na kufika nyuzi 8 chini ya sifuri. Vipimo vilivyochukuliwa na wanasayansi kando ya barafu ya Kibo vimetoa wastani wa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri; kwa hiyo hesabu ya ubaoni haikukosea sana. Usiku na alfajiri, ambapo wapandaji wengi huwa njiani, baridi huzidi wastani huo, na upepo huiongezea makali.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Kanieneo ya hewa katika kilele cha Uhuru ni karibu nusu ya ile ya Mkwaja, na kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni. Mpandaji hulazimika kwenda polepole, hatua moja baada ya nyingine, kwa saa nyingi. Misuli inayofanya kazi polepole hutoa joto kidogo. Basi baridi ya Kibo humkuta mtu katika saa ambayo mwili wake umepungukiwa na uwezo wa kujipasha.

Joto la mguu hutoka wapi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Buti halina moto ndani yake. Likiachwa nje usiku, asubuhi litakuwa baridi sawa na jiwe lililo kando yake. Joto la mguu hutengenezwa na mwili, hasa katika misuli na viungo vya ndani, kisha huchukuliwa na damu na kupelekwa hadi vidoleni. Kazi ya buti ni moja tu: kuchelewesha joto hilo lisitoke upesi. Buti ni ghala, wala si jiko.

Ghala hilo limejengwa kwa hewa. Hewa iliyotulia ni miongoni mwa vitu visivyopitisha joto vizuri. Sufu, pamba laini za kisasa na sponji zilizomo ndani ya mabuti hazihifadhi joto kwa nyuzi zake tu, bali zaidi kwa vijishimo vingi vya hewa vilivyonaswa kati ya nyuzi hizo. Kitu chochote kinachoiondoa hewa hiyo hubomoa ghala. Kukandamiza huiondoa. Maji nayo huiondoa, kwa kuchukua nafasi yake. Na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia.

Kutokana na hayo, kosa linalotendwa mara nyingi laonekana wazi. Mtu huogopa baridi, akavaa soksi tatu ndani ya buti lililopimwa kwa soksi moja. Soksi hukandamizwa, hewa ikatoka. Baya zaidi, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hubanwa. Baridi tayari imeifanya mishipa hiyo isinyae, maana mwili hulinda kwanza moyo na ubongo. Buti linalobana humalizia kazi hiyo. Damu isipofika, joto halifiki, na ghala lisilo na akiba halina faida yoyote. Soksi moja nzito katika buti lenye nafasi hupasha kuliko soksi tatu katika buti linalobana.

Mguu mkavu

Mguu hutoa jasho hata kwenye baridi, na jasho lisipopata njia hulowesha soksi na kitambaa cha ndani. Kwa sababu hiyo soksi ya pamba, iliyo nzuri pwani, ni adui mlimani: hunyonya maji, hulala juu ya ngozi na kukaa na unyevu kwa muda mrefu. Sufu yaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla ya kuhisiwa kuwa imelowa, na nyuzi zake zilizojikunja huendelea kushika hewa.

Wapandaji wa maeneo yenye baridi kubwa zaidi hutumia buti la sehemu mbili: ganda gumu la nje na buti laini la ndani linaloweza kutolewa. Faida yake si unene peke yake. Jioni buti la ndani hutolewa, likakaushwa, na usiku hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe. Asubuhi mguu huingia katika kiatu kikavu chenye uvuguvugu. Mwenye buti la sehemu moja hana budi kufanya yale yaliyo katika uwezo wake: kubadili soksi kila jioni, kuweka akiba ya soksi kavu kwa ajili ya usiku wa kilele, na kutoliacha buti nje ya hema.

Kwa nini soli iwe ngumu

Kuhifadhi joto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusimama pasipo kuteleza. Juu ya barafu ngumu soli ya mpira haitoshi. Hufungwa chini yake fremu ya chuma yenye meno 10 au 12, na katika fremu za kupandia kuta za barafu meno mawili huelekea mbele.

Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Akisimama juu ya ukuta wa barafu kwa meno ya mbele ya miguu yote miwili, kila mguu hubeba nyutoni 300. Ikiwa meno hayo yako sentimita 20 mbele ya kifundo cha mguu, nguvu ya kuzungusha kifundo hicho ni 300 mara 0.2, yaani nyutoni-mita 60. Mzigo huo lazima ubebwe na kitu. Soli ikipinda, meno hubadili mwelekeo na kuchomoka, na vidole na misuli ya shavu la mguu huchoka baada ya dakika chache. Soli isiyopinda, pamoja na shingo ya buti iliyo imara, huchukua sehemu ya mzigo. Mwanafunzi aweza kuuona ukweli huu mezani: rula ya plastiki iliyoshikwa ncha moja hupinda ikitundikwa jiwe dogo, lakini kipande cha ubao hakipindi.

Hata hivyo ugumu una bei yake. Soli isiyopinda humchosha mtembeaji njiani, humlazimisha kutembea kama aliyefungwa vibao, na huchubua visigino. Kwa hiyo buti gumu kuliko yote si buti bora kuliko yote. Ubora hupimwa kwa kazi.

Mafunzo yaliyopatikana kwa gharama

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer aliufikia mpaka wa theluji na barafu ya Kibo akarudi, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kuipanda. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, akapitia Pangani, lakini safari ikakatizwa na vita vya watu wa pwani chini ya Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Wote wawili walikamatwa, wakaachiliwa kwa fidia. Alifika kileleni mwezi Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, mpandaji stadi wa Austria, na iliwabidi wachonge ngazi kwa shoka katika barafu, hatua kwa hatua.

Zamani hizo soli za ngozi zilipigiliwa misumari ili zishike. Misumari ilishika, lakini chuma hupitisha joto upesi, na kila msumari ulikuwa mlango wa baridi. Mwaka 1935 wapandaji sita Waitalia walikufa katika milima ya Alps baada ya kukumbwa na hali mbaya ya hewa wakiwa na viatu visivyofaa. Mwenzao, Vitale Bramani, alibuni soli ya mpira yenye meno makubwa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, na kiwanda cha matairi cha Pirelli kikasaidia kuitengeneza. Watumiaji wa katambuga hawatashangazwa na ukoo huo wa tairi na kiatu: kinacholishika gari barabarani humshika pia mtembea kwa miguu.

Meno ya chuma nayo yalipata umbo lake kwa hatua. Mwingereza Oscar Eckenstein alitoa muundo wa meno 10 mwaka 1908, na mwaka 1929 Laurent Grivel wa Italia aliongeza meno mawili ya mbele. Somo la joto lilikuwa chungu zaidi. Tarehe 3 Juni 1950 Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika kilele cha Annapurna, katika nchi ya Nepal, wakiwa wamevaa mabuti ya ngozi. Walirudi hai, lakini wote wawili walikatwa vidole vyote vya miguu.

Afrika ya Mashariki pia ina kurasa zake katika historia hiyo. Mwaka 1973 Mkenya Thumbi Mathenge na mwenzake Phil Snyder walipanda kwa mara ya kwanza mfereji wa barafu wa Diamond katika Mlima Kenya. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler walipanda ukuta wa Breach wa Kibo, penye nguzo ya barafu iliyoning'inia. Kazi za namna hiyo haziwezekani kwa buti linalopinda.

Kuchagua kwa kazi

Katika Ulaya mabuti hupewa alama B0 hadi B3 kwa kufuata ugumu wake. B0 ni la kutembelea tu, wala halifungwi meno ya chuma. B1 lina ugumu wa kiasi, na hupokea meno mepesi ya kutembelea juu ya theluji. B2 ni gumu zaidi, lafaa kwa mito ya barafu na miinuko mikali. B3 halipindi kabisa, na ndilo la kupandia kuta za barafu.

Anayepanda Kibo kwa njia za kawaida, kama ya Marangu au Machame, hatembei juu ya kuta za barafu. Hutembea msituni, kwenye matope, kisha juu ya mawe na changarawe za volkano. Kwa kazi hiyo buti la kutembelea lenye joto, lisilopitisha maji, lenye shingo inayofunika kifundo na soli yenye meno makubwa, latosha. Kulazimisha B3 katika njia hizo ni kujitafutia malengelenge. Kinyume chake, kupanda ukuta wa barafu kwa buti la kutembelea ni hatari isiyo na udhuru.

Kupima buti

Namba iliyoandikwa ndani ya buti ni mwanzo tu, kwa maana watengenezaji hutofautiana. Kipimo cha kweli ni mguu wenyewe, na utaratibu wake ni huu:

1. Buti lipimwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Mlimani pia miguu huvimba.

2. Livaliwe pamoja na soksi ileile itakayotumika mlimani, na mguu wa kulia na wa kushoto ipimwe yote, kwani ni nadra kulingana. Mguu mkubwa ndio uamue.

3. Kabla ya kufunga kamba, mguu usukumwe mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya kuingia kidole kimoja cha mkono.

4. Kamba zikishafungwa, vidole vyote viweze kuchezacheza. Vidole visivyochezeka pwani vitakufa ganzi Kibo.

5. Mvaaji asimame kwenye mteremko akielekea chini, kisha agonge ukuta taratibu kwa ncha ya buti. Vidole visigonge mbele. Kucha nyingi hupotea wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda.

6. Atembee kwa muda wa nusu saa. Kisigino kisipande na kushuka ndani ya buti, ingawa katika mabuti magumu mwendo mdogo sana huvumiliwa.

Kamba nazo zina elimu yake. Juu ya wayo zilegezwe kiasi ili damu ipite. Penye kifundo zikazwe ili kisigino kitulie. Wakati wa kushuka zikazwe tena, mguu usiteleze mbele. Aidha, buti jipya livaliwe nyumbani na njiani kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Usiku wa kilele si wakati wa kujuana na kiatu.

Mitumba na hewa ya bahari

Mabuti mengi yanayotumika nchini hukodishwa au hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika. Hilo si kosa, ila kuna hila moja ambayo watu wa pwani hawana budi kuijua. Kati ya soli ya mpira na ngozi ya juu mabuti mengi huwa na tabaka la poliurethani, aina ya plastiki nyepesi kama sponji. Molekuli zake huvunjwavunjwa na maji, hata yale yaliyo katika hewa kama mvuke, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo buti lililokaa miaka mingi kabatini katika hewa ya Mkwaja, likiwa safi na ngozi yake ikang'aa, laweza kuachana na soli yake siku ya kwanza ya safari. Kabla ya kununua au kukodi, buti likunjwe kwa nguvu, na tabaka hilo libonyezwe kwa ukucha. Likimeguka au likionyesha nyufa, buti liachwe.

Ngozi nayo huota kuvu ikifungiwa na unyevu, na hukauka na kupasuka ikianikwa karibu na moto. Baada ya safari buti lioshwe, likaushwe kivulini penye upepo, na lipakwe mafuta ya ngozi.

Dalili za hatari

Mguu unaopatwa na baridi huuma kwanza. Maumivu hayo ni rafiki, kwa kuwa huonya. Hatari huanza maumivu yanapokoma bila mguu kupashwa: ganzi huingia, na ngozi hupauka au kuwa ngumu kama nta. Mpandaji anayesema miguu yake "imeacha kuuma" achunguzwe mara moja. Kamba zilegezwe, soksi zilizolowa zibadilishwe, na safari ya kushuka ianze. Sehemu iliyoganda isisuguliwe, wala isiwekwe karibu na moto, kwani mguu wenye ganzi huungua pasipo mwenyewe kujua. Hupashwa kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, mahali ambapo haitaganda tena, na mgonjwa afikishwe hospitali. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Jaribio la darasani

Kanuni zote za joto zilizotajwa zaweza kuonekana Mkwaja pasipo kupanda mlima. Zahitajika chupa tatu zilizo sawa, soksi sita nzito zilizo sawa, kamba, sanduku la barafu ya samaki na kipimajoto. Chupa zijazwe maji ya nyuzi 50, kila moja ivalishwe soksi mbili. Ya kwanza iachwe hivyo. Ya pili izungushiwe kamba kwa kukazwa sana. Ya tatu, soksi zake ziloweshwe. Zote zisimamishwe juu ya barafu, na joto la maji liandikwe kila baada ya dakika 5. Wanafunzi wachore grafu tatu katika ukurasa mmoja na kulinganisha miteremko yake. Kisha mwalimu aulize swali ambalo chupa haiwezi kulijibu: ikiwa soksi iliyobanwa hupoza chupa upesi, itakuwaje kwa mguu, ambao joto lake huletwa na mishipa inayobanwa pamoja na soksi?

Swali hilo si la darasani tu. Watu wanaofika juu ya Kilimanjaro mara nyingi zaidi si wageni wanaonunua mabuti ya bei kubwa, bali ni viongozi na wapagazi, ambao baadhi yao wamepanda kwa viatu vya kuokoteza. Mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanzishwa mwaka 2003, ambao huwaazima nguo na viatu bila malipo, ulitokana na haja hiyo. Barafu ya Kibo inapungua: kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipotea zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake, na inakisiwa kwamba yaweza kutoweka kabla ya katikati ya karne hii. Lakini kimo cha mlima hakitapungua, wala baridi ya alfajiri yake haitakwisha. Atakayekwenda huko kutoka ufukoni atahitaji bado kukumbuka kwamba joto la mguu wake hutoka mwilini mwake, na kwamba kazi ya buti ni kulitunza na kuiachia damu njia ya kupita.